Vumbi kama Mshenga: Jinsi Hidrojeni Inavyoungana kati ya Nyota

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili ngeli, mnyambuliko wa vitenzi, ushairi na fasihi simulizi. Safari hii tunaomba ruhusa yenu twende mbali kidogo, hadi kwenye nafasi iliyo kati ya nyota na nyota. Hatuendi huko kutalii. Wanafunzi wetu hapa Bujumbura husoma sayansi kwa Kifaransa, na tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haja ya kuyaeleza mambo yaleyale kwa Kiswahili imezidi kukua. Anayeulizwa maneno ni mwalimu wa Kiswahili. Akitoa neno lisilofaa, mwanafunzi huondoka na picha isiyo sahihi, na huenda akaishi nayo miaka mingi. Mada ya leo inafaa kuwa mfano, kwa sababu yote inazunguka kitenzi kimoja: kuungana.

Swali lenyewe ni hili. Hidrojeni ndiyo elementi iliyo nyingi kupita zote. Katika kila atomi kumi za ulimwengu, tisa hivi ni za hidrojeni. Atomi mbili zikishikana hufanya molekuli moja ya hidrojeni. Katika mawingu makubwa meusi ambamo nyota huzaliwa, karibu hidrojeni yote imo katika hali hiyo ya mbilimbili. Je, ziliunganaje? Jibu linalokuja upesi mdomoni ni kwamba zilikutana, zikaungana. Jibu hilo si sahihi, na sarufi yetu ina sehemu yake katika kosa hilo. Kiambishi cha kutendana, kile cha -an-, hutufanya tudhani kwamba wawili wanatosha: kukutana, kugongana, kushikana, kuungana, kana kwamba kila hatua huzaa ifuatayo. Kwa hidrojeni ya angani, wawili hawatoshi.

Tuanze na uwanja wenyewe. Hewa tunayovuta hapa Gihosha ina, katika kila sentimita moja ya ujazo, molekuli zaidi ya 20 ikifuatwa na sifuri 18. Kati ya nyota, wastani ni kama atomi moja tu katika nafasi hiyohiyo. Penye mawingu idadi hupanda, ikawa mia, ikawa elfu, na mara chache ikafika milioni. Hata katika wingu lenye atomi 100 kwa sentimita ya ujazo, atomi moja hukimbia kwa mwendo wa kilomita moja hivi kwa sekunde na bado huenda ikamaliza miaka kadhaa kabla ya kugongana na mwenzake.

Sasa zimegongana. Atomi mbili za hidrojeni huvutana, na zikishikana hutoa nishati nyingi. Nishati hiyo lazima iende mahali. Isipotoka, ni hiyohiyo itakayozitenganisha. Fikiria mpira unaoteremka bondeni kwa kasi. Usipopata kitu cha kuupunguzia mwendo, utapanda upande wa pili na kutokea huko kwa kasi ileile ulioingia nayo. Bonde lipo, mvuto upo, lakini mpira haukai.

Molekuli nyingine hujisaidia kwa kutoa mwanga. Ile ya monoksidi ya kaboni, kwa mfano, ina upande mmoja uliotofautiana na wa pili kwa chaji ya umeme. Ikitikisika hurusha nishati kwa njia ya mnururisho. Atomi mbili za hidrojeni ni mapacha. Hakuna upande uliozidi wala uliopungua, kwa hiyo njia hiyo ni kama imefungwa. Mgongano nao huisha katika sehemu ndogo mno ya sekunde. Zinaachana, kila moja inashika njia yake, na miaka mingine inapita.

Katika chupa ya maabara hapa duniani shida hii haionekani, maana atomi au molekuli ya tatu huwa karibu kila wakati. Hupigwa kikumbo na kuondoka na ile nishati iliyozidi, na wale wawili wanabaki pamoja. Angani, atomi tatu kufika mahali pamoja kwa wakati mmoja ni jambo la nadra kiasi kwamba wataalamu hawalihesabu kabisa. Kwa hiyo anatakiwa mtu wa tatu asiyekuwa mpita njia, anayekaa mahali pake akisubiri. Waswahili wana jina la mtu wa namna hiyo. Ni mshenga: haoi wala haolewi, lakini bila yeye pande mbili hazifiki popote.

Mshenga wa hidrojeni ni punje ya vumbi.

Neno vumbi linaweza kutuletea picha ya barabara zetu wakati wa kiangazi. Vumbi la angani ni dogo zaidi, na kwa ukubwa linakaribia moshi wa kuni kuliko mchanga. Punje ya wastani tunayoizungumzia hapa ikipangwa na wenzake mstari mmoja, zitahitajika kama elfu tano ili zifikie milimita moja. Nyingine zimeumbwa kwa madini ya silika, yaani jamaa ya mawe. Nyingine kwa kaboni, jamaa ya masizi. Ndani ya mawingu mazito huvaa koti la barafu. Zilitokana na pumzi za nyota zilizozeeka na mabaki ya nyota zilizolipuka. Kwa uzito, vumbi lote ni kama sehemu moja tu ya mia ya gesi inayolizunguka. Uchache huo unashangaza tukifikiria kazi inayofanya.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Atomi ya hidrojeni inafika kwenye punje na kunata juu ya uso wake. Inanata kwa nguvu hafifu, karibu mara mia moja chini ya nguvu inayozishika atomi mbili za molekuli. Kwa kuwa nguvu ni hafifu, atomi haitulii. Inatangatanga, inahama kutoka kishimo kimoja hadi kingine juu ya uso wa punje, kama mgeni anayetafuta nyumba mtaani. Ikimkuta mwenzake, zinaungana hapohapo. Nishati iliyotoka inagawanywa: sehemu inapokewa na punje na kuipasha joto kidogo, sehemu inabaki kwenye molekuli ikiizungusha na kuitikisa, na sehemu inairusha molekuli hiyo irudi angani. Punje inabaki pale pale, tayari kwa wageni wengine. Ipo pia njia ya mkato, ambapo atomi kutoka angani inaiangukia moja kwa moja ile iliyokwisha nata, bila kutangatanga kwanza.

Hapa tusimame kidogo kwa ajili ya neno. Wanafunzi waliosoma kwa Kifaransa wanajua kwamba absorption na adsorption hutofautiana kwa herufi moja, na wengi huzichanganya. Kwa Kiswahili tunazo nyenzo za kuzitenganisha waziwazi. Sponji hufyonza maji, yanaingia ndani. Punje ya vumbi haifyonzi hidrojeni. Hidrojeni inanata juu yake. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba vumbi hufyonza hidrojeni, amekwisha kuifungia atomi ndani ya jiwe, na mwanafunzi hataelewa inakutanaje na mwenzake. Tunapendekeza kunata, pamoja na maneno juu ya uso kila inapobidi, hata kama sentensi itarefuka.

Turudi kwenye punje, maana kuna hesabu ambayo haipaswi kupitwa. Katika wingu letu la atomi 100 kwa sentimita ya ujazo, punje moja hupokea atomi moja ya hidrojeni kila baada ya dakika chache, tuseme tano. Swali linakuwa: atomi iliyotangulia bado ipo pale? Hilo linategemea joto la punje. Chukua punje ya olivini, madini ya rangi ya kijani yapatikanayo pia katika mawe ya volkeno. Joto lake likiwa kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri, atomi inaweza kukaa saa kadhaa kabla haijabanduka. Mgeni wa pili anafika baada ya dakika tano na kumkuta mwenyeji nyumbani. Lakini punje ikipata joto la kelvini 20 tu, atomi hukaa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mgeni wa pili anabisha hodi kwenye nyumba tupu. Nyuzi kumi tu za tofauti, tena katika baridi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuigusa kwa mkono, zinatenganisha ndoa na useja.

Hesabu hiyo haikutungwa mezani tu. Wazo la kwamba molekuli hutengenezwa juu ya vumbi lilikuwepo tangu miaka ya 1940, katika maandishi ya Mholanzi Hendrik van de Hulst. Mwaka 1963 Robert Gould na Edwin Salpeter walilipigia mahesabu kwa upande wa hidrojeni, na miaka michache baadaye Salpeter aliliendeleza pamoja na David Hollenbach. Hata hivyo, wakati Gould na Salpeter wakiandika, hakuna aliyekuwa ameiona molekuli hata moja ya hidrojeni kati ya nyota. Sababu ni ule upacha tulioueleza: katika baridi, molekuli hiyo haitoi mwanga wa kupimika. Ili kuinasa ni lazima kutazama nyota iliyo nyuma yake na kupima ni rangi zipi za mwanga wa urujuanimno zimemezwa njiani, na mwanga huo hauvuki hewa ya dunia.

Aliyeinasa kwanza ni George Carruthers, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2020. Alibuni kamera ya urujuanimno, ikarushwa kwa roketi kutoka White Sands, New Mexico, tarehe 13 Machi 1970. Roketi ilikaa juu dakika chache tu. Kamera ilielekezwa kwenye nyota iitwayo Xi Persei, na katika mwanga wake zikaonekana alama za hidrojeni ya mbilimbili. Karibu nusu ya hidrojeni iliyo njiani kuelekea nyota hiyo ilikuwa imeungana. Kamera nyingine aliyoibuni Carruthers ilifika mwezini na Apollo 16 mwaka 1972, lakini sisi tunaona zile dakika chache za roketi ndizo zilizofungua mlango mkubwa zaidi.

Mwaka huohuo wa 1970, tarehe 12 Desemba, kutoka kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Kenya, kilirushwa chombo cha kupima miale ya eksi ya angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kikaitwa Uhuru. Hakikuhusika na hidrojeni tunayoijadili, ila mwalimu wa Kiswahili hawezi kuupita mwaka huo bila kutaja kwamba neno letu lilikwenda angani.

Chombo kilichopima molekuli za hidrojeni kwa mapana ni Copernicus, kilichorushwa mwezi Agosti 1972. Kwa vipimo vyake Michael Jura alikadiria, katikati ya miaka ya 1970, kasi ya hidrojeni kuungana katika mawingu mepesi. Kwa kasi hiyo, wingu lenye atomi 100 kwa sentimita ya ujazo huhitaji miaka milioni 10 hivi kugeuka kuwa wingu la molekuli. Kwa maisha ya binadamu ni muda usiofikirika. Kwa maisha ya Njia Nyeupe, kundi kubwa la nyota tunamoishi, ni mfupi. Muhimu zaidi ni kwamba kasi iliyopimwa inaeleweka tu endapo vumbi linafanya kazi kwa ufanisi mkubwa. Kugongana kwa wawili hakufikishi hata kidogo.

Ilibaki kuliona jambo lenyewe likitendeka. Mwaka 1997 kundi la Gianfranco Vidali wa Syracuse, Marekani, na Valerio Pirronello wa Catania, Italia, lilitoa matokeo ya jaribio kama hilo. Walichukua jiwe la olivini, wakalipoza hadi kelvini chache, katika chombo kilichoondolewa hewa karibu yote, wakalimiminia atomi za hidrojeni na kusubiri. Molekuli zilitokea. Lakini zilitokea katika kipimo chembamba cha joto, kelvini 6 hadi 10 hivi. Juu ya kaboni walikuta nafasi pana kidogo, na hata hiyo haikufika 20.

Tatizo likazuka hapo. Karibu na nyota changa zenye mwanga mkali, punje huwa na joto la kelvini 30, 40 au zaidi, na bado darubini huonyesha hidrojeni ikiungana kwa wingi. Kwa hesabu ya kunata hafifu, haiwezekani. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba baadhi ya atomi hazinati kijuujuu. Hujifunga kwa kifungo halisi cha kikemia kwenye kaboni, zikangoja huko bila kubanduka hata joto likipanda, mpaka mwenzake aje moja kwa moja kutoka angani kuichukua. Molekuli kubwa za kaboni zilizo bapa, jamaa ya zile za moshi wa magari, nazo zinadhaniwa kusaidia. Ni mgao gani hasa unaofanywa na kila njia, mjadala bado unaendelea.

Tumefika sasa kwenye neno lililotufanya tuichague mada hii. Vitabu vya kemia kwa Kiswahili hutumia kichocheo kwa kile ambacho Wafaransa huita catalyseur, yaani kitu kinachowezesha badiliko la kikemia bila chenyewe kuliwa. Kwa maana hiyo, punje ya vumbi ni kichocheo kamili. Neno limekubalika na hatuna nia ya kuligombanisha na wanakemia. Ila sikio la Mswahili husikia ndani yake kuchochea: kuchochea moto, kuchochea ugomvi, kuongeza ukali. Punje ya vumbi hufanya kinyume. Haiongezi moto, inauondoa. Hidrojeni haikuhitaji kuchochewa, ilihitaji pa kukutania na wa kuipokea nishati iliyozidi. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba vumbi ni kichocheo, bila maelezo zaidi, atadhani kwamba linazisukuma atomi. Ndiyo maana tumeng'ang'ania mshenga darasani. Neno hilo si istilahi na halitaingia kwenye kamusi ya kemia, lakini linabeba hoja nzima: yupo wa tatu, anapokea mzigo, kisha anajitoa.

Mshenga wetu ana kazi ya pili, ambayo mshenga wa kawaida hapewi. Mwanga wa urujuanimno wa nyota huzivunja molekuli za hidrojeni. Vumbi huziwekea kivuli. Molekuli zilizo ukingoni mwa wingu nazo humeza mwanga huohuo na kuwakinga wenzao walio ndani. Ndani ya kivuli hicho miale ya kosmiki huinyang'anya molekuli mojamoja elektroni. Inayobaki inachukua atomi kutoka kwa molekuli ya jirani na kuwa ioni ya hidrojeni tatu. Ioni hiyo ilionekana kati ya nyota kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na Thomas Geballe na Takeshi Oka. Ni karimu kupita kiasi: humpa protoni yake karibu kila anayepita, na kwa njia hiyo kemia yote ya mawingu inaanza, ikiwemo monoksidi ya kaboni na sehemu ya maji.

Mawingu hayo yanaonekana kwa macho matupu kutoka hapa kwetu. Mwezi Juni, saa mbili usiku, mawingu ya mvua yakiwa yametoweka na umeme ukiwa umekatika mtaani, tazama kusini juu ya mji, kwenye nyota nne za Salibu. Kando yake kuna doa jeusi katikati ya weupe wa Njia Nyeupe. Wanaastronomia huliita Gunia la Makaa, jina ambalo kwa mkazi wa Bujumbura halihitaji maelezo. Si tundu. Ni wingu la molekuli za hidrojeni lililo umbali wa miaka-nuru 600 hivi, na weusi wake ni vumbi linalozuia nyota za nyuma. Gunia hilo linatuonyesha mshenga. Wanandoa wenyewe hawaonekani.

Kwa kuwa hawaonekani, kwa miaka zaidi ya hamsini wataalamu wamekuwa wakihesabu hidrojeni kwa kupima monoksidi ya kaboni inayofuatana nayo, kisha kukisia. Mwezi Aprili 2025 kundi lililoongozwa na Blakesley Burkhart wa Chuo Kikuu cha Rutgers lilitangaza wingu lililopitwa na kipimo hicho. Wakaliita Eos. Liko umbali wa miaka-nuru 300 hivi, lina uzito wa majua kama 3,400, na lina monoksidi ya kaboni kidogo sana. Lilijulikana kwa mng'ao hafifu wa urujuanimno unaotoka kwenye molekuli za hidrojeni zenyewe, katika takwimu zilizokusanywa na satelaiti ya Korea Kusini iliyorushwa mwaka 2003.

Msomaji makini atakuwa ameshauliza: vumbi lilitoka kwenye nyota, na nyota huzaliwa katika mawingu ya molekuli zilizotengenezwa na vumbi. Nani alitangulia? Mwanzoni vumbi halikuwepo kabisa. Nyota za kwanza zilitokana na gesi isiyo na punje hata moja, na hidrojeni kidogo iliyoungana wakati huo ilisaidiwa na elektroni iliyokuwa ikizurura. Elektroni ilinasa kwenye atomi moja. Atomi ya pili ilipofika na kuungana nayo, elektroni ikatoka mbio na nishati yote iliyozidi. Njia hiyo ni ya polepole. Iliunganisha sehemu ndogo sana ya hidrojeni yote, lakini molekuli hizo chache zilitosha kuipoza gesi hadi ikajikunja na kuwa nyota, na nyota hizo zilipokufa zikaacha vumbi la kwanza.